Kuipinga Kasino kwa Kura: Ulinganisho wa Njia Zilizojaribiwa katika Majimbo ya Marekani

Nchini Marekani mamlaka ya kuruhusu au kukataza kamari yako mikononi mwa majimbo, isipokuwa kwa kasino zilizomo katika ardhi za makabila ya wenyeji wa asili, ambazo tangu 1988 zinaongozwa na sheria ya shirikisho. Ndiyo maana mpiga kura wa huko, akishamaliza kuchagua gavana, seneta na diwani wake, huenda akakuta chini ya karatasi ya kura swali linalomtaka aseme kama kasino ziruhusiwe, ziongezwe au zifutwe. Wasemaji wa Kiswahili waliopata uraia, kuanzia Wakongo na Warundi wa Portland katika jimbo la Maine hadi Wakenya wa Maryland na New Jersey, hulijibu swali hilo sawa na raia wengine wote.

Makala haya yanamlenga mtu ambaye tayari amekwisha kuamua kwamba hataki kasino ziongezwe katika jimbo lake, ila hajui nguvu zake azielekeze wapi. Mimi ni mmoja wa wanaopinga, na ni haki msomaji alijue hilo mapema. Sababu yangu kubwa ni kwamba mapato ya kasino ni hasara za wachezaji zikijumlishwa pamoja, na kodi inayolipwa serikalini ni sehemu ya hasara hizo. Massachusetts, kwa mfano, huchukua asilimia 25 ya mapato ya kamari ya kasino kubwa na asilimia 49 ya mapato ya ukumbi wa mashine za kamari. Serikali iliyokwisha kuzoea fedha hizo katika bajeti yake inahitaji wananchi wake waendelee kupoteza mwaka hadi mwaka, na sioni namna ya kulipamba jambo hilo likapendeza.

Njia za kupinga ambazo zimejaribiwa kwa kura ni kuifuta sheria iliyokwisha kupita, kulikataa pendekezo linapoletwa na Baraza la Kutunga Sheria au na wafanyabiashara, kuweka kizuizi ndani ya katiba ya jimbo, na kuupa mji au kaunti neno la mwisho. Lengo ni moja, lakini matokeo yametofautiana sana.

Massachusetts: njia mbili katika jimbo moja

Nimeanza na Massachusetts kwa sababu njia mbili zilijaribiwa humo ndani ya kipindi kifupi. Novemba 2011 Gavana Deval Patrick alitia saini sheria iliyoruhusu kasino kubwa zisizozidi tatu, moja kwa kila kanda, pamoja na ukumbi mmoja wa mashine za kamari. Wapinzani walikusanya sahihi ili wananchi waulizwe kama sheria hiyo ifutwe. Mwanasheria Mkuu wa jimbo alikataa kuliidhinisha swali lao, akieleza kwamba kufuta sheria kungewanyang'anya waombaji wa leseni haki yao bila fidia, na ikabidi shauri lifike katika mahakama ya juu kabisa ya jimbo, ambayo iliwapa wapinzani ushindi Juni 2014. Uchaguzi ulikuwa Novemba 4 mwaka huohuo. Kufikia wakati huo ukumbi wa mashine wa Plainville ulikuwa umepewa leseni na ujenzi ulikuwa unaendelea, kampuni ya kasino ya MGM ilikuwa imekwisha kuchaguliwa kwa ajili ya Springfield, na mwezi Septemba kampuni ya Wynn nayo ikapewa Everett, jirani kabisa na Boston.

Kampuni hizo sasa zilikuwa na mali ya kulinda. Ziligharimia kampeni ya kuitetea sheria kwa fedha nyingi mara kadhaa kuliko walizokuwa nazo wapinzani, na ujumbe wao ulikuwa ajira: wafanyakazi wa ujenzi wako kazini, je, mnataka kuwarudisha nyumbani? Kulikuwa na ugumu mwingine ulioonekana mdogo lakini uliowachosha wanakampeni wa nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa swali lilikuwa la kufuta sheria, aliyepinga kasino alipaswa kujibu "Ndiyo", na aliyezitaka alipaswa kujibu "Hapana". Mwisho wa siku takriban asilimia 60 ya wapiga kura walikataa kuifuta sheria, na kasino zikajengwa.

Sasa tazama upande wa pili. Sheria ileile ya 2011 ilitaka kila kampuni ipate kwanza kibali cha wapiga kura wa mji inakotaka kujenga kabla ya kupewa leseni ya jimbo. Mwaka 2013, mwaka mmoja tu kabla ya kushindwa kwa kura ya jimbo zima, wakazi wa West Springfield waliikataa kasino iliyopangwa kwao mwezi Septemba. Mwezi Novemba East Boston wakaikataa ya kwao, Palmer wakaikataa kwa tofauti isiyofika kura 100, na Milford wakaikataa kwa wingi mkubwa. Katika kila mji upande wa kasino ulikuwa na fedha, vipeperushi na ahadi za malipo ya kila mwaka kwa halmashauri, na bado ulishindwa. Mkazi wa East Boston alikuwa akiulizwa juu ya foleni ya magari itakayopita mbele ya nyumba yake, kodi ya pango itakayopanda na vijana wa mtaa wake, ilhali mpiga kura wa jimbo zima aliulizwa juu ya jengo litakalokuwa katika mji wa watu wengine. Springfield, Plainville na Everett zilikubali, na huko ndiko kasino zilikokwenda. Kwa hiyo kura ya mji haikuliokoa jimbo, lakini iliiokoa miji iliyoikataa, na hilo ni zaidi ya ilivyofanya kura ya kufuta sheria.

Kulikataa pendekezo kabla halijawa sheria

Njia hii ina rekodi nzuri pale tu mazingira yanapokuwa upande wa wapinzani. New Jersey mwaka 2016 ni mmoja wa ushindi mkubwa. Baraza la Kutunga Sheria liliwaomba wananchi waruhusu kasino mbili kaskazini mwa jimbo, zote zikiwa umbali usiopungua maili 72 kutoka Atlantic City, mji uliokuwa na kasino peke yake tangu kura ya 1976. Takriban asilimia 77 walisema hapana. Wapiga kura hawakuhitaji kuelezwa mengi: mwaka 2014 pekee kasino nne za Atlantic City zilikuwa zimefungwa na watu wapatao 8,000 wamepoteza kazi, na mwezi mmoja kabla ya kura ya 2016 Trump Taj Mahal nayo ikafunga milango. Tena swali halikutaja kasino hizo zingejengwa wapi hasa wala zingelipa kodi kiasi gani, na mwananchi aliyekwisha kuona ahadi zikivunjika alikuwa na sababu ya kutotia sahihi karatasi isiyojazwa.

Maine mwaka 2017 matokeo yalikuwa makali zaidi, asilimia 83 wakikataa. Pendekezo la kasino katika kaunti ya York lililetwa kwa njia ya sahihi za wananchi, lakini masharti yake yaliandikwa kwa namna ambayo mfanyabiashara mmoja tu angeweza kustahili leseni. Wapinzani walipolieleza hilo kwa lugha nyepesi, kazi yao kubwa ilikuwa imekwisha.

New York mwaka 2013 inaonyesha upande wa hatari. Swali la kuruhusu kasino hadi saba liliandikwa na mamlaka ya uchaguzi likiwa na maelezo kwamba lengo ni kukuza ajira, kuongeza misaada kwa shule na kuziwezesha serikali za mitaa kupunguza kodi za majengo na ardhi. Hayakutajwa madhara yoyote. Utafiti wa maoni wa Chuo cha Siena uliofanywa wakati huo ulionyesha kwamba maneno hayo yaliongeza uungaji mkono ikilinganishwa na swali lililoulizwa bila mapambo, na pendekezo likapita kwa takriban asilimia 57. Baadaye kasino zilizojengwa kaskazini mwa jimbo zilipata mapato ya chini kuliko makadirio yaliyotumiwa kuwashawishi wananchi. Nebraska nako, ambako wapinzani walikuwa wamezizuia kasino kwa miongo kadhaa, mwaka 2020 takriban asilimia 65 walizikubali katika viwanja vya mbio za farasi, baada ya waandaaji kuambatanisha pendekezo lililoelekeza sehemu kubwa ya kodi yake katika kupunguza kodi za majengo na ardhi.

Ukiyaweka majimbo haya pamoja, utaona kwamba mpinzani hushinda pale pendekezo linapoonekana kuwa la mtu fulani au pale hasara zinapoonekana kwa macho, na hushindwa pale linapokuja limevaa sare za shule. Anayetaka kuchagua njia hii aanze kazi miezi mingi kabla ya kampeni, wakati maneno ya swali bado yanaandikwa, kwa sababu yakishachapishwa ni vigumu mno kuyabadilisha mahakamani.

Kizuizi ndani ya katiba

Florida iliwahi kuzikataa kasino kwa kura mwaka 1978, 1986 na 1994. Mwaka 2018 wapinzani hawakungoja pendekezo lingine lije. Walileta wao marekebisho ya katiba yanayowapa wapiga kura pekee haki ya kuamua kama kasino ziruhusiwe, na kwa njia ya pendekezo la wananchi tu, si kwa uamuzi wa Baraza la Kutunga Sheria. Katiba ya Florida hutaka marekebisho yapate asilimia 60. Haya yalipata 71. Faida yake ilionekana upesi. Kampuni ya kasino ya Las Vegas Sands ilipotaka kufungua njia ya kasino kaskazini mwa Florida, ilibidi ikusanye sahihi karibu 900,000, na mwaka 2022 ikashindwa kuzifikisha. Bila kizuizi hicho ingetosha kuwashawishi wabunge.

Michigan ilitangulia mwaka 2004, na kwa maoni yangu iliandika vizuri zaidi. Marekebisho yake, yaliyopita kwa takriban asilimia 58, yalitaka kamari mpya ipate idhini ya wapiga kura wa jimbo zima na vilevile ya wapiga kura wa eneo inakokusudiwa kuwekwa. Hayakugusa kasino za makabila ya wenyeji wa asili wala zile tatu za Detroit zilizokuwapo tayari. Kwa mpangilio huo jimbo haliwezi kuulazimisha mji, na mji hauwezi kulifungulia jimbo mlango.

Neno la mwisho kwa mji au kaunti

Virginia iliruhusu miji mitano iamue kwa kura. Minne ilikubali mwaka 2020, na Richmond ikakataa mwaka 2021 kwa tofauti ya kura zipatazo 1,500. Viongozi wa mji hawakuridhika, wakalirudisha suala mwaka 2023, safari hii upande wa kasino ukimwaga mamilioni ya dola dhidi ya wapinzani waliokuwa na kiasi kidogo sana. Takriban asilimia 62 walikataa.

Ushindi huo unastahili kusimuliwa pamoja na mambo mawili yanayouma. La kwanza, mwaka 2021 mitaa ya kusini mwa Richmond, ambako kasino ingejengwa na ambako watu wengi ni Weusi wenye kipato kidogo, iliiunga mkono kwa sababu ya ajira, ilhali mitaa ya wenye nafasi upande wa magharibi ndiyo iliyoiangusha. Mpinzani mwenye dhamiri hawezi kulipita jambo hilo kimya. Anayemwambia jirani yake akatae ajira ana wajibu wa kusimama naye anapodai ajira nyingine. La pili, kasino haikutoweka. Baraza la jimbo liliipeleka Petersburg, mji wenye shida za muda mrefu ulio karibu kilomita 40 kusini, na mwaka 2024 wapiga kura wake waliikubali kwa takriban asilimia 81. Kura ya mji husukuma kasino kuelekea kwa walio na uwezo mdogo zaidi wa kukataa.

Arkansas iliifikia haki hii kwa mzunguko. Mwaka 2018 jimbo zima lilipitisha kasino nne kwa asilimia 54, mojawapo katika kaunti ya Pope, ingawa wapiga kura wa kaunti hiyo waliikataa. Ilichukua miaka sita ya mabishano kabla ya kura ya 2024, ambapo takriban asilimia 56 ya jimbo zima walikubali kuifuta leseni ya Pope na kutaka kasino yoyote mpya ikubaliwe kwanza na wapiga kura wa kaunti husika. Je, hii haipingi niliyosema juu ya Massachusetts? Naona haipingi, kwa sababu ujenzi wa Pope haukuwa umeanza, na hoja iliyouzwa kwa wananchi haikuwa kufuta kasino bali kuwaacha wakazi wa kaunti waamue wenyewe. Hata mtu asiye na neno na kamari aliweza kuiunga mkono.

Fedha za kampeni zinatoka kwa nani?

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie, kwa sababu ushindi mwingi niliousimulia uligharimiwa kwa sehemu kubwa na wenye kasino. Marekebisho ya Florida ya 2018 yalilipiwa na Disney na kabila la Seminole, ambalo lina kasino zake. Kampeni ya kukataa New Jersey ilibebwa kwa kiasi kikubwa na Genting, mwenye kasino ng'ambo ya mto, Queens. Huko Arkansas taifa la wenyeji wa asili la Choctaw, lenye kasino Oklahoma, lilipambana na taifa jingine la wenyeji wa asili, la Cherokee, lililokuwa na leseni ya Pope. Maryland mwaka 2012 kampuni ya kasino ya Penn National ilimwaga mamilioni kupinga kasino ya sita kwa kuwa ingewavuta wateja wake wa Charles Town, West Virginia. Kampeni za pande zote mbili zilipita dola milioni 90, na kasino ikapita kwa takriban asilimia 52.

Mfano unaonitia wasiwasi kuliko yote ni Ohio. Mwaka 2008 Penn National iligharimia upinzani dhidi ya pendekezo la kasino moja, na pendekezo likaanguka. Mwaka uliofuata kampuni hiyohiyo ikawa miongoni mwa walioleta pendekezo la kasino nne, katika Cleveland, Columbus, Cincinnati na Toledo, na likapita kwa takriban asilimia 53. Waliokuwa wamesimama nayo kwa nia njema walijikuta wanakabiliana na mshirika wao wa jana, tena anayejua orodha zao na hoja zao zote.

Sisemi fedha hizo zikataliwe daima, kwa kuwa bila matangazo ya televisheni ni vigumu kupata ushindi katika kura ya jimbo zima. Ninachosema ni kwamba makanisa, misikiti na vikundi vya wakazi viwe na kamati yao iliyosajiliwa peke yake, yenye akaunti na msemaji wake, ili mshindani wa kibiashara akigeuka wasibaki bila jina wala sauti. Katika kura za miji, ambako kampeni ya nyumba kwa nyumba hutosha, ushauri wangu ni kutozigusa kabisa. Richmond imeonyesha inawezekana.

Uchague ipi?

Swali la kwanza la kuuliza ni la kisheria: je, katiba ya jimbo lako inawaruhusu wananchi kuleta pendekezo kwa sahihi? New Jersey, New York na Virginia haziruhusu, kwa hiyo huko njia ya Florida haipo. Linalobaki ni kuwabana wabunge wa jimbo mapema, kwanza wasilete pendekezo, na wakilileta waandike ndani yake sharti la kura ya mji au kaunti. Mbunge anayeogopa kupinga kasino waziwazi huwa hana sababu nzuri ya kukataa sharti hilo.

Kama jimbo lako linaruhusu sahihi na bado hakuna sheria ya kasino mezani, usingoje. Chagua kizuizi cha katiba, na uige Michigan kuliko Florida, yaani idhini ya jimbo na ya eneo kwa pamoja. Kama sheria imekwisha kupita lakini leseni hazijatolewa, kura ya kuifuta ina maana, mradi hesabu yako ya muda iweke nafasi ya kesi mahakamani, kwa sababu karibu hakika mtashtakiwa. Kama leseni zimetoka na matofali yanapangwa, nguvu za kampeni ya kufuta sheria zitapotea. Zipeleke katika mji ambao bado haujapiga kura yake.

Kuna tundu moja ambalo hakuna hata moja kati ya njia hizi iliyoliziba, nalo ni simu ya mkononi. Desemba 2019 Michigan iliruhusu michezo ya kasino kwa intaneti bila kura ya jimbo zima, kwa kutamka katika sheria kwamba mchezo unahesabiwa kufanyika ndani ya kasino zilizokwisha kuruhusiwa, hata kama mchezaji amelala kitandani kwake mamia ya kilomita kutoka Detroit. Florida ilifanya jambo linalofanana mwaka 2021 katika mkataba wake na kabila la Seminole, ikitamka kwamba dau la michezo linalowekwa kwa simu popote jimboni limewekwa katika ardhi ya kabila ilipo seva, yaani kompyuta inayopokea dau hilo. Wapinzani walikwenda mahakamani, wakashinda mwanzoni, kisha wakashindwa katika rufaa mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza kesi mwaka 2024. Kwa hiyo, anayeandika pendekezo leo aandike ndani yake, kwa maneno ya wazi, kwamba mahali pa mchezo ni pale alipo mchezaji anapoweka fedha yake, na kwamba kamari ya simu inahitaji idhini ileile ya wapiga kura inayohitajika kwa jengo. Mwanasheria wa katiba alisome andiko hilo kabla sahihi ya kwanza haijakusanywa, kwani baada ya hapo halirekebishiki tena bila kuanza upya.